Nilivyouziwa mafuta nikiwa kitandani

Mpenzi msomaji, tulia kwanza. Najua kichwa cha habari kimekupeleka mbali, na wengine mmeshaanza kumwonea huruma mume wangu. Kitanda ninachokisema mie ni kile chembamba chenye tundu la kuwekea uso, cha kwenye vyumba vya masaji. Juu ya kitanda hicho, mie mtoto wa mjini, niliyezaliwa Ilala na kukulia Kariakoo, niliingizwa mjini mchana kweupe, tena nikiwa na taulo tu.

Mkasa wenyewe ulianza hivi. Binti wa kaka yangu alikuwa anaolewa Unguja, na mie ndiye shangazi. Kwenye harusi ya pwani shangazi haendi mikono mitupu. Ukoo wa huku Dar ukachanga, nikakabidhiwa laki tatu za mbuzi wa pilau. Nikazifunga kwenye pindo la kanga, kanga nikaitia mkobani, mkoba nikaukumbatia kama mtoto mchanga. Ilikuwa mwezi wa kwanza, kaskazi inavuma. Boti ilicheza ngoma saa mbili nzima, na niliposhuka Malindi mgongo ulikuwa si wangu tena.

Shughuli zilikuwa zinaanza kesho yake. Nikasema nizunguke kidogo Mji Mkongwe ninyooshe viungo. Mbele ya hoteli moja, ambayo siitaji maana sitaki kesi, nikaona kibao: masaji ya viungo vya Zanzibar, saa nzima, Sh 70,000. Na mie nilikuwa na elfu sabini yangu mwenyewe, mbali na ile ya mbuzi. Nikajiambia, miaka yote nawakanda wengine, leo na mie nikandwe.

Kosa la kwanza lilitokea kabla hata sijavua viatu. Nikapewa fomu. Umri? Nikaandika wa kweli. Unaumwa wapi? Mgongo. Ngozi yako ikoje? Miguu mikavu, madoa mashavuni. Unalala vizuri? Silali. Jamani, nikaandika kama niko hospitali! Kumbe ile haikuwa fomu ya tiba. Nilikuwa nawaandikia kwa mkono wangu orodha ya vitu vya kuniuzia.

Binti aliyenihudumia alikuwa mpole, mikono laini, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilipolala kifudifudi uso tunduni, nikawa sioni kitu ila ndara zake za bluu. Dakika kumi za mwanzo, wallahi, nilikuwa peponi. Mafuta ya uvuguvugu, harufu ya mlangilangi, vidole vinajua kazi. Nikaanza kusinzia.

Mara zile ndara zikasema: "Mama, mgongo wako umekaza sana. Umebeba mengi."

Nikasema, ndiyo mwanangu, maisha.

"Leo nitaulegeza, lakini kesho kutwa utarudi vile vile usipopaka mafuta yetu ya karafuu. Chupa ni elfu arobaini na tano tu. Nikuwekee?"

Nikajibu "Mmh." Kwetu Kariakoo "mmh" ina maana mia, na mojawapo ni "niache nilale." Yule binti aliisikia moja tu: weka.

Basi ikawa kila kiungo na bidhaa yake. Akifika miguuni, miguu imepauka, inataka sabuni ya mwani, tatu elfu thelathini. Nikajitetea, "Nitafikiria." Nayo ikaandikwa. Akanigeuza chali, akanifunika uso kwa kitambaa cha moto, akaanza habari ya mashavu. Sasa mtu amefunikwa mdomo kwa kitambaa, anabishana vipi? Wahenga wamesema ukivuliwa nguo, chutama. Mie hata pa kuchutama sikuwa napo.

Uhondo uliisha hapo. Nusu saa iliyobaki sikusikia vidole tena, nilikuwa napiga hesabu. Yaani nimelipa elfu sabini nikapumzishe akili, nimelala pale nawaza pindo la kanga.

Nilipotoka kuvaa, nikakuta vitu vimepangwa juu ya meza kama vyombo vya bi harusi. Chupa ya mafuta, sabuni tatu, na kikopo cheupe cha krimu, elfu sitini. Jumla na masaji, Sh 205,000. Kuna mzungu na mkewe wamekaa pale wanasubiri zamu, wananitazama. Aibu ikanipanda hadi masikioni. Nikaona nikikataa nitaonekana masikini aliyepotea njia.

Kilichoniokoa ni kile kikopo. Nikauliza, mwanangu, hii ya nini? Akasema kwa sauti ya chini, "Inang'arisha, mama. Itarudisha rangi yako." Rangi yangu imekwenda wapi hata irudishwe? Nikakigeuza huku na huku. Hakina jina la mtengenezaji, hakina kilichomo, hakina tarehe. Cheupe kama yai.

Hapo mtoto wa Kariakoo akaamka. Msomaji wangu, krimu ya kung'arisha isiyo na lebo si jambo la kulionea haya. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi, inaharibu figo, na kwa mjamzito inamfikia hadi mtoto tumboni. Kwa huku Bara, kazi ya kuvisimamia vipodozi ilihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Visiwani kuna Wakala wao wa Chakula na Dawa. Nikakirudisha mezani nikasema, hiki hapana. Nikashangaa, dunia haikuanguka. Yule binti akakitoa, akapunguza hesabu, basi.

Lakini ujasiri wangu uliishia hapo. Mafuta na sabuni nililipa. Sh 145,000 zikatoka, elfu sabini yangu, na elfu sabini na tano ya mbuzi.

Binti akanisindikiza hadi mlangoni. Sikuwa na hasira naye, nikamwuliza tu: mwanangu, kwani lazima uuze? Akatazama nyuma kwanza. Akasema mshahara wake ni mdogo, anakula kwa chupa. Kila chupa ina fungu lake. Na masika yakiingia, hoteli zikipunguza watu, asiyeuza ndiye wa kwanza kuambiwa apumzike. Ana mdogo wake anasoma, anamlipia yeye. Nikabaki nimesimama na mfuko wangu wa sabuni, nimekosa hata la kulaumu.

Kesho yake ikawa kusingwa kwa bi harusi, nyumbani Kikwajuni. Wenzangu wa bara msioijua singo, mmekosa. Somo alikuwa bibi mtu mzima, amekaa juu ya mkeka, anasaga liwa kwenye jiwe taratibu. Pembeni ana mawaridi makavu, karafuu, mlangilangi na mrehani. Vinasagwa, vinachanganywa, mwali anapakwa mwili mzima na kusuguliwa mpaka nongo zote zinadondoka. Kisha anakogeshwa, anafukizwa udi. Mambo hayo Unguja ni ya zamani, yalikuwepo kabla hayajaandikiwa kibao. Hata Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwajengea watu wa mji hamamu ya kulipia, ndiyo maana mtaa ule unaitwa Hamamni. Leo ni jengo la kutazamwa tu, maji yameshakauka zamani.

Nikamtolea somo chupa yangu, nikitegemea sifa. Akaifungua, akanusa, akamimina tone kiganjani.

"Shangazi, haya umenunua?"

Nimenunua, bibi.

"Hii nazi imepita mbele ya duka la karafuu, haikuingia."

Wanawake wote wakaangua kicheko. Halafu akanieleza, na hili ulishike. Mafuta halisi ya karafuu ni makali. Ndiyo yale tunayopaka kwenye jino likiuma, likafa ganzi. Kule Pemba, Wawi, yanakamuliwa kiwandani kwa mvuke, kwa majani na makonyo. Ukiyapaka mwilini matupu yatakuunguza. Matone machache ndani ya mafuta ya nazi yanatosha. Kwa hiyo ukikuta chupa nzima unajimiminia kama maji na ngozi haina habari, ujue umenunua nazi kwa bei ya karafuu. Sabuni zangu za mwani hazikuwa na ubaya. Mwani tunalima wenyewe, ulianza kibiashara pwani ya mashariki mwaka 1989, na kina mama wa Paje na Jambiani ndio wanaoingia majini kuupanda. Ila sabuni za namna ile ile, kipande kimoja nilikuja kukiona Darajani kwa elfu nne.

Wakati anamsinga mwali, nilimwangalia somo kwa makini. Yule mtoto wetu ana kovu kubwa la moto mgongoni, aliungua uji akiwa mdogo, analionea haya mpaka leo. Nilikuwa nasubiri somo aseme neno. Hakusema. Mkono ulipita pale kama unavyopita pengine, hata haukusita.

Baadaye nikamwuliza. Akasema, "Shangazi, mwili ulio mikononi mwako hausemwi. Mtu amekuvulia nguo, amekuamini. Ukianza kumhesabia kasoro, umeshamvua mara ya pili."

Maneno hayo yalinipata kuliko ile masaji.

Mbuzi? Nilikwenda kwa wifi yangu, mama wa bi harusi, nikaungama yote. Nilidhani ataninunia. Wifi akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Basi pilau lako litanukia mlangilangi." Nikampigia mume wangu, akanitumia elfu sabini na tano kwa simu, na somo la bure juu yake kuhusu wanawake na mafuta. Nimelisikia kila wiki tangu hapo.

Niliporudi Dar nikamsimulia binamu yangu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya masaji kwenye meli kubwa za watalii, zile zinazotia nanga bandarini Malindi na kumwaga wazungu mji mzima. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia kwenye meli nyingi za namna ile chumba cha masaji si cha meli, kimekodishwa kwa kampuni nyingine. Kampuni kubwa ya kazi hiyo, OneSpaWorld, makao yake yako Bahamas. Wafanyakazi wanategemea sana fungu la mauzo, na mara nyingi bili inaongezwa bakshishi ya asilimia 18 au 20 kabla hujauliza. Na huko uko katikati ya bahari, utakimbilia wapi? Mie afadhali nilikuwa na Darajani karibu.

Basi akina dada, na nyie akina baba mnaokwenda kwa siri, nimeyakusanya niliyofundishwa na binamu, somo na pochi yangu.

Kwanza, fomu. Andika maradhi, mzio, mimba, presha, hayo ni ya usalama wako. Kuhusu ngozi andika "nzuri" na uishie hapo. Hujaja kujishitaki.

Pili, sema mapema, ungali umevaa na mnatazamana: "Mwanangu, leo sinunui kitu, nataka kimya." Mtu aliyevaa nguo ana sauti. Sema kwa tabasamu, biashara haigombi.

Tatu, "nitafikiria" si jibu, na "mmh" ndiyo kabisa. Jibu ni "hapana, ahsante." Ukiulizwa kwa nini, rudia hilo hilo. Ukitoa sababu, utapewa bidhaa ya kutibu sababu.

Nne, ingia na pesa ya masaji tu. Pesa ya mbuzi iache kwa mbuzi.

Tano, kisicho na lebo usipake, hata ukipewa bure. Kama jambo lenyewe ni nazi na karafuu, nenda Darajani unuse mwenyewe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki changu kilinitembelea mpaka kitandani.

La sita ndilo ninalolitilia mkazo. Kama mikono imekuridhisha, mpe yule binti kitu chake mkononi, kwa siri, usimpitishie kwenye chupa. Elfu kumi aliyopewa yeye ni kumi. Elfu arobaini na tano ya chupa, yeye anaambulia makombo, na wewe unakwenda nyumbani na nazi. Angekuwa analipwa kwa mikono yake, asingelazimika kunitafutia madoa.

Nanyi wenye hoteli, mkiwa mnasoma, sina ugomvi nanyi. Pangeni chupa zenu mezani, andikeni bei, mtu akitoka ametulia atanunua mwenyewe. Lakini mkimtuma mtoto wa watu aniuzie nikiwa uchi, mtaniuzia mara moja tu.

Chupa yangu ninayo bado, ipo juu ya kabati. Mume wangu anaipaka kwenye bawaba za mlango. Sifa yake moja nimpe: mlango haulii tena.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.