Samaki Apandaye Mto Mvua Ikinyesha

Likizo ya Aprili inapofika, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hufunga mizigo na kuelekea mashambani. Ukishukia Myanga, huko Bungoma, jambo la kwanza litakalokupokea ni maji. Mvua ndefu imeanza, mahindi yanachipua, na kijito ulichokiruka kwa miguu mwezi wa Januari sasa kina rangi ya chai ya maziwa na kinanguruma. Watoto wa mjini huambiwa wasikaribie mto, na hilo ni shauri jema. Lakini je, umewahi kujiuliza ni nani anayesafiri chini ya maji yale?

Yuko samaki aitwaye ningu. Wataalamu humwita Labeo victorianus, na hupatikana katika Ziwa Victoria na mito inayomwaga maji humo. Si mkubwa kama mbuta, wala si maarufu kama ngege. Mdomo wake umekaa kwa chini, nao humfaa kukwangua chakula kwenye mawe na matope. Wakati wa kiangazi huishi ziwani. Mvua ikinyesha na mito ikafurika, huondoka kwa makundi, majike yamejaa mayai, akaanza kupanda mto dhidi ya mkondo. Akifika mahali maji yalipovuka kingo na kufunika nyasi, hapo ndipo huzaa. Watoto hukulia katika maji yale ya nyasi, penye chakula na pasipo maadui wengi, kisha maji yakipungua nao huteremka polepole hadi ziwani.

Mto Nzoia ulikuwa mojawapo ya njia zake kuu. Mto huu, mwanafunzi, usiusome kwenye ramani tu. Huanzia milima ya Cherangani na Elgon, ukampa jina Trans Nzoia ambako ndiko Kitale iliko, ukapokea mito kama Kuywa, ukaanguka kwa kishindo katika maporomoko ya Nabuyole pale Webuye, kisha ukashuka hadi Budalang'i na kuingia ziwani. Mvua inyeshayo juu ya Kitale humwita samaki aliye ziwani, naye huitika.

Wazee wa kando ya mto huu walilijua jambo hilo kabla ya kitabu chochote kuandikwa. Walisuka migono ya fito, wakajenga vizuizi mtoni, wakavua ningu wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Utauliza, kwani hao hawakuwa wakiwamaliza? La. Kizuizi cha fito kina mianya. Mto ukifura sana hukipita juu, au hukivunja kabisa na kukichukua. Kwa hiyo kila mwaka samaki wengi walipita, wakazaa, na chungu kikapata mboga mwaka uliofuata. Mto wenyewe ulikuwa mlinzi.

Mambo yalibadilika nyavu za kigeni zilipoingia. Nyavu zinazomnasa samaki kwenye matamvua zilifika Ziwa Victoria mwaka 1905. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham alilichunguza ziwa, akaonya kwamba ngege walikuwa wakipungua, akashauri matundu ya nyavu yasiwe madogo mno. Lakini kwa ningu hatari ilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu yeye ana mlango mmoja. Ukitandaza nyavu mbele ya mdomo wa mto wakati wa mvua, humpati ningu mmoja mmoja. Unawapata mama wote wa mwaka huo, kila mmoja na mayai yake tumboni, kabla hawajazaa. Mwaka 1965 mtaalamu D. A. Cadwalladr aliandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyodidimia, na jinsi njia za asili za kuvua katika mto Nzoia zilivyodidimia pamoja nao. Fikiri, msomaji: samaki akitoweka, nani ataendelea kumfundisha mwanawe kusuka mgono?

Hapo ndipo penye hasara ambayo hatuihesabu. Tunapompoteza samaki hatupotezi kitoweo tu. Tunapoteza majina, ufundi, na yale mazungumzo ya babu na mjukuu wakisubiri kando ya maji. Mtaka yote hukosa yote.

Usidhani kwamba balaa hili ni letu peke yetu. Huko Marekani, katika majimbo ya Oregon na Washington, yuko samaki aitwaye steelhead. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia katika bahari ya Pasifiki, kisha hurudi mtoni kuzaa. Wale wa majira ya baridi huingia mitoni kati ya Novemba na Aprili, maji yakiwa ya barafu. Wavuvi husimama majini hadi mapajani, wakitetemeka, wakirusha ndoana kutwa nzima, na wengi hurudi nyumbani mikono mitupu. Hata hivyo kesho watarudi. Kwa asili, samaki huyu ni aina moja na trauti wa upinde wa mvua. Sisi Kenya tunawajua trauti: wale wa kwanza, wa aina ya kahawia, walitiwa mto Gura huko Aberdare mwaka 1905, na wale wa upinde wa mvua wakafuata baadaye.

Wamarekani nao walijenga mabwawa, wakakata misitu ya kingo, wakavua bila kiasi. Mwaka 1997 serikali yao ililazimika kuwaweka steelhead wa sehemu kadhaa katika orodha ya viumbe wanaolindwa na sheria. Hebu tazama walivyofanya. Samaki wanaozalishwa na watu katika vituo maalumu hukatwa pezi dogo lililo karibu na mkia wakiwa bado wachanga. Katika mito mingi, mvuvi akimvuta samaki akaona pezi hilo limekatwa, anaweza kwenda naye nyumbani. Akiliona lipo, ajue huyu ni wa mto wenyewe. Humfungua ndoana na kumrudisha majini. Na katika mto Elwha, mabwawa mawili makubwa yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, na steelhead wakaanza kupanda tena mahali ambapo hawakuwa wamefika kwa karibu miaka mia moja.

Nasi je, tufanye nini? Dawa si kuwaambia watu wa Budalang'i wabomoe kingo zinazozuia mafuriko. Watu wameteseka na maji yale, na uhai wa mtoto hauwekwi mizani moja na wa samaki. Lakini yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Nyasi na mafunzi ya kando ya mto si pori la kulima hadi ukingoni. Ni kitanda cha uzazi. Chandarua cha mbu ni cha kitandani, si cha kuvulia vifaranga vya samaki. Na mdomo wa mto unahitaji kupumzishwa wakati wa mvua, hata kwa majuma machache tu.

Tumaini lipo. Mwaka 2004 watafiti walieleza jinsi walivyofaulu kuwazalisha ningu katika vituo, mbali na mto. Kifaranga wa kituoni anaweza kumfaa mkulima mwenye bwawa, ili mama wa mtoni aachwe apite. Lakini kituo hakiwezi kuchukua nafasi ya mto. Ukimrudisha samaki kwenye mto usio na nyasi, wenye nyavu mlangoni, umemtuma kufa.

Mama wa nyumbani, nawe baba, ukiwa sokoni msimu wa mvua na kuletewa samaki aliyejaa mayai, uliza ametoka wapi na amevuliwaje. Swali la mnunuzi lina nguvu kuliko unavyodhani, kwa maana muuzaji huleta kile kinachonunuliwa. Nawe mwanafunzi, likizo hii chukua daftari, keti na babu au nyanya, umwombe akutajie samaki wote aliowajua mtoni alipokuwa na umri wako. Andika majina kwa lugha ya nyumbani. Kisha weka alama mbele ya wale ambao wewe mwenyewe umewahi kuwaona.

Huenda orodha hiyo ikakutia huzuni. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna azibaye ufa asioujua. Hadi Jumapili ijayo, nakutakia mapumziko mema.