Apige magoti, lakini pasi zake tuzihesabu

Hebu nikuulize, wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu ama kwa kibanda ukingoja chapo. Mchezaji akifunga, apige magoti, ainamishe kichwa na aombe mbele ya kamera zote, wewe huona nini? Kuna wale watasema amina. Kuna wale watasema huyo anatafuta kiki. Halafu kuna wale watanyamaza tu, wangoje mechi ijayo apoteze, ndio waulize: "Sasa Mungu wako ako wapi?"

Huku kwetu Kabianga swali hili si la mbali. Upande huu wa Kericho na Bomet, kanisa na michezo ni kama chai na maziwa. Pita hapa Jumapili asubuhi, kuanzia Africa Gospel Church hadi AIC hadi Wakatoliki, au Jumamosi kwa Wasabato, utasikia spika hadi ndani ya majani chai. Na tuko na mabingwa. Beatrice Chebet, mzaliwa wa kaunti hii yetu ya Kericho, alitoka Paris 2024 na dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Bingwa akishuka kwa ndege anapewa mursik, halafu kabla ya mheshimiwa yeyote kuanza hotuba, mtu anashika maikrofoni anaomba. Hakuna anayeshangaa.

Lakini siku hizi, ukiingia mtandaoni, kijana akisema "namshukuru Mungu" baada ya kushinda, vita vinaanza. Ndiyo maana nataka nikupeleke Marekani kidogo, kwa msee ambaye mjadala huu ulimfanya kuwa jina la kila nyumba.

Anaitwa Tim Tebow. Alizaliwa Manila, Ufilipino, mwaka 1987, wazazi wake wakiwa wamisionari. Alicheza ile futiboli ya Marekani ya kofia ngumu, kama kwatabaki, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua utupwe kwa nani. Akiwa Chuo Kikuu cha Florida alishinda tuzo ya Heisman mwaka 2007, tuzo kubwa kabisa ya wachezaji wa vyuo huko. Pale chini ya macho, mahali wachezaji hupaka rangi nyeusi kuzuia mwanga, yeye aliandika mistari ya Biblia. Januari 2009, kwa fainali ya ubingwa wa vyuo, aliandika Yohana 3:16, na watu wengi sana wakakimbilia Google kuutafuta. Mwaka 2010 wasimamizi wa michezo ya vyuo wakapiga marufuku maandishi yoyote hapo usoni.

Mwaka 2011 akiwa Denver Broncos, timu ilikuwa imeshinda mechi moja na kupoteza nne. Akapewa usukani, na mechi zikaanza kushindwa kwa njia za kutoa jasho, dakika za mwisho kabisa. Kila mara alipiga goti moja akaomba. Vijana kote Marekani wakaanza kumuiga, wakipigwa picha wakiwa wamepiga goti shuleni, kazini, hata barabarani. Nusu ya nchi ilimwona kama nabii. Nusu ingine ilimwona kama mtu wa maonyesho.

Halafu ikaja tarehe 8 Januari 2012. Broncos dhidi ya Pittsburgh Steelers, mechi ya mtoano. Muda wa ziada, mchezo wa kwanza kabisa, Tebow akatupa mpira kwa Demaryius Thomas, yadi 80, mechi ikaisha 29–23. Ukihesabu yadi zake zote za kutupa siku hiyo, zilikuwa 316. Maze, fikiria hiyo kelele. Yohana 3:16, yadi 316. Kuna watu waliona huo ni ushahidi wa kupelekwa kortini.

Sasa ngoja wiki moja tu. Tarehe 14 Januari, New England Patriots waliwapiga 45–10. Mungu wa Jumapili iliyopita alikuwa ameenda wapi? Machi mwaka huo Broncos wakamleta Peyton Manning, na Tebow akauzwa New York Jets. Baada ya msimu wa 2012 hakucheza tena mechi ya ligi ya NFL.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Msimu ule wa 2011, zaidi ya nusu ya pasi zake hazikumfikia mwenzake. Alifikisha asilimia 46.5 tu, na kwa ligi kama ile hiyo ni namba mbaya. Kocha aliyesema hivyo hakuwa anatesa Mkristo. Alikuwa anahesabu pasi. Lakini kila aliyesema mkono wake ni dhaifu aliambiwa anachukia Yesu, na kila aliyesema kijana ana roho ya kupigana aliambiwa ni mlokole asiyejua mpira. Watu waliacha kujadili mchezaji wakaanza kujadiliana wao kwa wao kupitia yeye.

Na sisi tuko hivyo hivyo. Rudi London 2012, fainali ya mita 5,000 ya wanawake. Meseret Defar wa Ethiopia alishinda, akatoa picha ya Bikira Maria ndani ya jezi yake, akaiinua huku akilia. Picha ile ilizunguka dunia. Nani alikuwa wa pili? Vivian Cheruiyot wetu. Sasa niambie, usiku ule hakuna aliyekuwa amemwombea Vivian? Niko sure nyumba nyingi za Bonde la Ufa zilikuwa zimepiga magoti mbele ya televisheni. Kwa Olimpiki zile zile, Mo Farah, mzaliwa wa Somalia aliyekuwa akikimbilia Uingereza, alishinda mita 5,000 na 10,000, akasujudu kwa traki kama Mwislamu. Kama medali ndizo zinaonyesha Mungu ni wa nani, basi Agosti ile alikuwa na kazi ngumu ya kugawa.

Mimi sicheki imani ya mtu. Nasema tu kwamba sala ya Defar haikuwa risiti. Alikuwa anashukuru. Kushukuru ni kitu kimoja, kudai kwamba umeshinda kwa sababu Mungu anakupenda kuliko yule wa pili ni kitu kingine kabisa.

Utauliza, hii inanihusu aje mimi ambaye sikimbii wala sichezi? Inakuhusu sana. Kila mwaka kabla ya KCSE, shule zetu hufanya siku ya maombi. Wazazi wanakuja, pasta anaombea kalamu, watahiniwa wanaambiwa Mungu amesema A. Hakuna ubaya kuombea mtoto. Lakini matokeo yakitoka, yule aliyepata D anaenda nyumbani akifikiria nini? Kwamba Mungu aliangalia darasa lote akamruka yeye? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa. Kuna waumini waliniambia wazi kwamba kuna mahali niliteleza kiroho. Hakuna hata mmoja aliyeuliza salio la karo. Hiyo ndiyo hasara ya kuhubiri Mungu wa matokeo. Wachache walioshinda wanavimba kichwa, na sisi wengine tunabeba umaskini na hatia, vyote viwili, kwa mgongo mmoja.

Lakini pia siwezi kukaa upande wa wale wanaocheka. Naelewa mahali kejeli inatoka. Tumeona Shakahola mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ikifukuliwa kwa sababu mtu alitumia Biblia kuwaambia watu wafunge hadi kufa. Tumeona wanasiasa wakipanda madhabahuni na mabunda ya pesa, hadi mwaka 2024 vijana wakasema imetosha, na Novemba ile Askofu Mkuu wa Katoliki Nairobi akarudisha mchango wa Rais. Baada ya hayo yote, ukiona mtu anaomba hadharani, macho yako yanatafuta kwanza mfuko uko wapi. Hiyo shaka ni halali.

Tatizo ni kwamba hasira yenyewe inaangukia mtu asiyehusika. Kijana wa miaka 22 anayeinua mikono baada ya kufunga hajachukua sadaka yako. Hajakuambia ufunge. Katiba yetu, kifungu cha 32, inampa haki ya kuonyesha imani yake, peke yake au na wengine, hadharani ama faraghani. Inakupa na wewe haki ya kutokuwa na imani hiyo.

Kwa hivyo kama unataka kujua kama wewe ni mtu wa haki, jipime hivi. Unampigia makofi Mkristo anayepiga goti, sawa. Mwislamu akisujudu unasemaje? Mwaka 2016 Colin Kaepernick, kwatabaki pia, alipiga goti wakati wa wimbo wa taifa wa Marekani kupinga polisi kuua watu weusi. Kufikia 2017 hakuwa na timu, na hajapata nyingine. Goti ni lile lile, na wengi waliolisifu kwa Tebow walilaani kwa Kaepernick. Wengine walifanya kinyume. Mwishoni mwa 2024, Marc Guéhi wa Crystal Palace aliandika ujumbe wa Yesu juu ya utepe wa unahodha wenye rangi za upinde wa mvua, chama cha soka cha Uingereza kikamkumbusha kanuni. Nahodha wa Ipswich, Sam Morsy, Mwislamu, alikataa kuuvaa kabisa. Kama ulimtetea mmoja ukamtukana mwingine, basi wewe hutetei uhuru. Unashabikia timu yako.

Basi tufanye nini na kijana wetu, yule wa timu ya hapa mtaani au yule wa mbio za nyika, atakayeibuka kesho na Biblia kwa begi? Kwanza, mwacheni aombe. Pili, hesabuni pasi zake na muda wake wa kukimbia kama wa mtu mwingine yeyote. Wokovu hauongezi kasi, na pia hauthibitishi kwamba mtu ni msafi. Wale wa kupima mkojo wapime, awe mlokole au awe mlevi. Tatu, wachungaji, msimpandishe jukwaani wiki aliyoshinda kama hamtamtembelea wiki aliyoumia goti.

Na wewe kijana mwenyewe, kama unasoma hii: siku utakayomaliza wa kumi na nne, omba vile vile ulivyoomba siku ya dhahabu. Kamera hazitakuwa hapo. Wale wa "Mungu wako ako wapi" watakuwa. Usiwajibu, chukua jezi yako ukafue, Jumatatu alfajiri kuna mazoezi.