KWA NINI NILIRUDISHA SADAKA YA BATI



Ndugu zangu katika imani, wiki mbili hizi naulizwa kwa simu na ana kwa ana kwa nini nilirudisha pesa ya bati za msikiti. Wapo waliosema imamu ana majivuno, msikiti unavuja na yeye anachagua sadaka. Naandika hapa mara moja, kila mtu asome.

Baada ya swala ya Ijumaa alinijia kijana wa hapa hapa Lionja. Jina lake nalihifadhi. Akanisalimia, akatoa bahasha. "Sheikh, hii ya bati. Ufuta umenilipa mwaka huu." Nikamwombea dua. Kisha nikamuuliza, kama mzazi, shamba kalipata wapi, maana najua kwao ardhi ni ndogo. Akacheka. "Kule kwenye msitu wa kijiji, Sheikh. Ardhi mpya ina nguvu, majani hayasumbui." Nikamrudishia bahasha yake.

Msitu wa kijiji si pori la bwerere. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekipa kijiji haki ya kutenga msitu wake, kuulinda na kunufaika nao kwa utaratibu. Maana yake yule mjane asiye na jembe ana fungu lake mle, na mtoto aliye tumboni ana fungu lake. Ukiingia na panga na kiberiti ukafanya shamba lako peke yako, umechukua haki ya watu bila ridhaa yao. Katika fiqhi hiyo inaitwa ghasbu, na kuitolea sadaka hakuisafishi.

Kijana akanijibu: "Lakini Sheikh, pale kuna nini? Ni miti tu."

Hilo neno "miti tu" limeninyima usingizi kuliko bahasha. Elimu ya kwanza aliyopewa baba yetu Adam (a.s.) ilikuwa ni majina ya vitu. Sisi tumefika mahali tunaita kila kitu pori. Nilipokuwa sekondari tulikariri himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, tukaona ni mambo ya mtihani, mambo ya yule Mswidi Linnaeus aliyechapisha kitabu chake mwaka 1735. Hakuna aliyetuambia, na hata madrasa hawakutuambia, kwamba zaidi ya miaka mia nane kabla yake Al-Jahiz wa Basra alishaandika Kitabul Hayawan juu ya wanyama, na Abu Hanifa Ad-Dinawari (si yule imamu wa madhehebu) akaandika kitabu cha mimea. Walihesabu kujua viumbe kuwa ni njia ya kumjua Muumba.

Wazee wetu nao walikuwa na elimu yao. Bibi yangu akishika jani tu anajua hili la ming'oko, chimba, chemsha, ule. Na hili la ndiga, ina sumu, mpaka uikate na kuiloweka siku kadhaa. Mwaka wa njaa, kukosea hapo ni kuzika mtu. Huo ndio uainishaji wa viumbe, wala hakuwahi kukanyaga darasa.

Sasa yule kijana na "miti tu" yake. Mpingo na mninga ni familia moja na karanga, kunde na mbaazi. Angalia ua, angalia ganda la mbegu, utaona udugu. Mizizi ya mpingo, kama ya kunde, ina vijidudu vinavyoirutubisha ardhi. Ile nguvu anayoisifia ni majani yaliyooza miaka mingi chini ya miti aliyoichoma. Misimu miwili mitatu imekwisha, atahamia mbele. Na mpingo si mti wa kusubiri ukiwa hai: kufikia kuvunwa unaweza kuchukua miaka sabini na zaidi.

Jambo hili Nachingwea tumeshalionja. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Wakaleta matrekta, wakang'oa miombo, wakajenga reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukafa, pauni zaidi ya milioni 30 zimeteketea, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Walimng'oa ndugu wa karanga ili wapande karanga.

Mtaniambia: Allah ametutiishia vilivyomo ardhini. Kweli. Lakini punda wa kuazima humchinji. Surat Al-An'am aya ya 38 imewataja wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wetu, na Mtume (s.a.w.) aliiwekea Madina mipaka ambayo ndani yake mti haukatwi wala mnyama hawindwi. Ndugu zetu wa Pemba wamelifanya hili: kisiwa cha Misali kikawa hifadhi mwaka 1998, na masheikh wakawasomesha wavuvi kwa dini, si kwa bunduki.

Wala mimi simo nje ya lawama. Niliwahi kuchoma shamba langu, moto ukavuka, ukateketeza mizinga ya jirani. Mizinga nililipa. Nyuki sikuweza kuwalipa.

Na najua linalowachoma moyoni: mkulima wa ekari mbili anakamatwa, lori la magogo linapita usiku. Hilo ni kweli na ni dhulma, na kamati za maliasili, za kwetu na za wenzetu wa Ruangwa, zijue nazo zitaulizwa. Lakini wizi wa mwenye lori hauhalalishi wa mwenye panga.

Nilimwambia kijana aende kwa kamati, aseme mwenyewe kabla hajasemewa, na visiki asiving'oe wala kuvichoma tena, maana miombo huchipua upya ikiachwa. Akaondoka amenuna. Juzi nimesikia kaonekana kwa mwenyekiti wa kijiji, sijui kilichosemwa.

Bati zinazotakiwa ni ishirini na mbili. Mwenye ufuta wa shamba lake, mweka hazina mnamjua.

Wallahu a'lam.