Kazi ya nyumbani inayoanza kwa kulipa

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umeshakuwa kichekesho. Hata bibi wa Kiomboi anaufuta bila kumuuliza mjukuu. Matapeli nao wamelijua hilo, ndiyo maana ujumbe unaozunguka siku hizi kwenye WhatsApp na Telegram hauanzi kwa kuomba hela. Unaanza kwa kutoa.

Unamkuta mama anayenyonyesha, au kijana aliyemaliza chuo akarudi Ikungi kusubiri ajira. Kuna kazi ya kufanyia nyumbani, unasema, kwa simu tu, saa moja au mbili kwa siku. Kazi yenyewe ni kubonyeza alama ya kupenda kwenye video, kuzipa nyota hoteli ambazo mtu hajawahi kuzikanyaga, au kutazama matangazo ya filamu. Hakuna usaili wala cheti. Anayejiita msimamizi ana adabu zote, anamwita mama huyo "dada" na kumuulizia mtoto.

Tuseme mama anajaribu. Anabonyeza video tatu, jioni simu inalia: Sh3,000 zimeingia. Si picha ya muamala, ni hela kweli. Anakwenda kwa wakala, anaitoa, ananunua sukari. Mtego umeshafyatuka hapo, na onyo la kawaida la "usimtumie hela usiyemjua" halimsaidii tena, kwa kuwa yeye ndiye aliyetumiwa. Kesho analipwa tena. Siku ya tatu anaelezwa kuwa zipo kazi za daraja la juu, ila lazima atangulize Sh20,000. Anaweka, zinarudi Sh26,000. Anaweka Sh100,000. Kwenye programu salio linasoma Sh160,000, lakini kutoa haiwezekani mpaka amalize kazi mbili za mwisho, nazo zinataka Sh300,000. Akizilipa itakuja "kodi", halafu "ada ya kufungua akaunti". Salio lile ni tarakimu zilizoandikwa tu. Hela yake ilishatolewa kwingine dakika ile ile aliyoituma.

Kundi aliloingizwa nalo limejaa watu wanaoonyesha miamala yao na kumshukuru msimamizi. Wengi wao ni matapeli hao hao, kila mmoja na laini kadhaa mkononi.

Mapema mwaka 2025 Watanzania wengi waliijua kazi ya aina hii kwa jina la LBL, kifupi cha Leo Beneath London. Watu waliweka fedha ili wapewe "kazi" ya kutazama matangazo ya filamu kwenye simu, na aliyevuta wenzake aliahidiwa zaidi. Februari mwaka huo Jeshi la Polisi lilitangaza kuwakamata watu waliohusishwa na mpango huo. Wenye umri walikumbuka DECI ya 2009, ule upatu wa "kupanda mbegu" uliowafuata watu mpaka kwenye nyumba za ibada. Tofauti ni kwamba mwaka 2009 mtu alijua anapanda hela ili avune hela. Sasa anaambiwa ameajiriwa, na mtu aliyeajiriwa haoni kama anacheza upatu.

Wala si suala la elimu au la kukaa mbali na mji. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipokea malalamiko takriban 20,000 kuhusu kazi hizi za kubonyeza simu katika nusu ya kwanza tu ya mwaka 2024. Mwaka 2020 hayakuwapo kabisa. Na baadhi ya wanaoandika jumbe za namna hiyo duniani waliingizwa humo kwa tangazo la ajira vile vile. Mwanzoni mwa 2025 maelfu ya watu walitolewa kwenye kambi za utapeli nchini Myanmar, mpakani na Thailand, wakiwamo Wakenya na Waethiopia waliosafiri wakiamini wanakwenda kazini.

Ndani ya familia, hasara haiishii kwenye hela. Hela iliyo kwenye simu baada ya kuuza alizeti au vitunguu kule Misuna huwa si ya mtu mmoja: humo mna ada, mna mbegu za msimu ujao, mna hisa za kikoba. Na mama yule hakuingia peke yake. Alimwingiza wifi yake na wenzake wawili wa kikoba, kwa nia njema, kwa sababu alilipwa kweli na alitaka nao wapate. Mambo yakiharibika ananyamaza. Msimamizi naye alishamwambia asimweleze mtu mpaka amalize, nafasi ni chache. Katika kunyamaza huko ndiko anakokwenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili alipie zile kazi mbili za mwisho.

Mume anayefoka "ulikuwa na akili gani?" anamfanyia tapeli kazi yake. Kadhalika mzazi anayemwambia kijana kila asubuhi kuwa amekaa bure tu wakati wenzake wanajenga. Kijana huyo atatafuta chochote kinachofanana na kazi, na akiliwa atakuwa wa mwisho kusema.

Akisema siku ile ile, yapo ya kufanya. Apige namba 100 ya mtandao wake aombe muamala uzuiwe, maana hela ikiwa haijatolewa bado kuna nafasi. Ujumbe wa tapeli na namba yake vitumwe kwenda 15040. Asifute mazungumzo wala jumbe za miamala, polisi watazihitaji. Kama alituma picha ya kitambulisho cha NIDA, abonyeze *106# aone kama kuna laini asizozijua zilizosajiliwa kwa jina lake. Baada ya wiki moja au mbili huenda akapigiwa na "wakili" anayeweza kurudisha hela zote kwa ada ndogo. Huyo ni wa kundi lile lile, au ameuziwa namba na kundi lile.

Kazi za kufanyia nyumbani zipo, na wapo wanaoandika, wanaotafsiri na wanaouza kuku wa kienyeji kwa simu. Hela ya mshahara inatoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Siku mwajiri anapoomba itumwe upande wake, hata kama alishalipa mara kumi, hapo si ajira tena.

Kikoba kikikutana Jumapili, mama yule akasimama mwenyewe na kueleza, wale wawili aliowaingiza huenda bado wako kwenye Sh20,000.