Karatasi zikunjwe, mwenyekiti aseme mwisho

JICHO LA JUMATANO, na Hamisi Mwachiti

Mwaka 1988 wanachama wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo, walipiga kura za mchujo kwa mlolongo: unajipanga nyuma ya mgombea wako au wakala wake, mchana kweupe, mbele ya chifu na majirani. Aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Wengi hukumbuka wizi, mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Mimi kinachoniuma zaidi ni kwamba hata palipohesabiwa kwa haki, hatutajua kamwe ni wangapi walijipanga pale kwa kuona haya kusimama kwingine peke yao.

Haya hiyo ina nguvu kuliko tunavyokiri. Miaka ya 1950 nchini Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa vyuo mistari kwenye kadi, wataje upi unalingana kwa urefu na mwingine. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Lakini katika kila kundi mmoja tu ndiye hakujua mpango; wenzake walikuwa wameagizwa kutaja jibu la uongo kwa sauti, kabla zamu yake haijafika. Robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata uongo ule angalau mara moja. Hakuna aliyewatisha, wala hapakuwa na kazi au shamba la kupoteza.

Asch alipopanga mwenzao mmoja aseme kweli, waliofuata kundi walipungua mno. Na mhusika aliporuhusiwa kuandika jibu lake bila kulitamka, makosa yalishuka pia.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia wazazi wakiambiwa, "Mbona hamkusema mkutanoni?" Walisemaje, ikiwa mwenyekiti alitoa msimamo wake kwanza, kisha akaagiza wanaokubali wanyooshe mikono? Vyama vyetu vya akiba na kamati za shule zinaamua mikopo na michango kwa njia hiyo hiyo, halafu manung'uniko yanaanzia njiani kurudi nyumbani. Tunawaita waoga watu ambao utaratibu wetu umewanyima faragha.

KANU yenyewe iliufuta mlolongo mwaka 1990. Kikundi cha watu ishirini kinaweza kufanya hivyo kwa daftari moja lililochanwa vipande: kila mtu aandike, karatasi zikunjwe, zisomwe zote kwa sauti, ndipo mjadala uanze, mwenyekiti akiwa wa mwisho kusema. Anzeni na mkutano wa mwezi huu.