Aliye Safu ya Nyuma Naye Asome

Siku hizi ni nadra kufanyika mkutano baina ya watendaji wa serikali na wananchi katika visiwa vyetu bila ya projekta kuwepo. Iwe ni mradi wa barabara, mpango wa hifadhi ya bahari, tathmini ya mazingira kwa ajili ya hoteli mpya, au taarifa ya utekelezaji wa bajeti, mtendaji hufika na kompyuta yake, shuka nyeupe hutundikwa ukutani mwa darasa la skuli, na wananchi huanza kuonyeshwa slaidi moja baada ya nyengine.

Hatuna ugomvi na chombo hicho. Picha ya matumbawe yaliyovunjwa na baruti, ikiwekwa ubavuni mwa picha ya matumbawe mazima, hueleza kwa sekunde kumi jambo ambalo hotuba ya nusu saa haiwezi kulieleza. Ugomvi wetu ni juu ya namna chombo hicho kinavyotumika. Tumehudhuria mikutano mingi ya aina hii, na mara nyingi tuliyoyaona ni haya: maandishi madogo kama ya gazeti, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yakisomwa mbio mbio na mtu aliyewapa watu mgongo. Mkutano ukimalizika, karatasi ya mahudhurio hupitishwa na kutiwa saini, na katika faili la mradi huandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa.

Hapo ndipo penye jambo zito. Saini ile huenda mbali. Huambatanishwa na ripoti, ripoti hupelekwa kwa mfadhili au kwa mwekezaji, na mradi hupata baraka. Baada ya mwaka mmoja au miwili, vigingi vya mpaka vinapopigwa ufukweni, mwananchi husema kwamba hakuambiwa. Mtendaji husema kwamba aliambiwa, tena yeye mwenyewe alionyesha ramani. Wote wawili wanasema kweli, na ugomvi huo huishia kwa mkuu wa wilaya, na wakati mwengine mahakamani.

Natuangalie jinsi mikutano yetu inavyokaa. Wazee na wageni hupewa viti vya mbele, wanaume hufuatia, na akina mama hukaa nyuma au kando karibu na mlango. Ni desturi yetu na hatuioni kuwa na ubaya. Lakini kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa sehemu kubwa kimo mikononi mwa akina mama hao hao. Basi mkutano unapoitishwa kuzungumzia mwani, wanaohusika zaidi ndio walio mbali zaidi na shuka ile. Slaidi inayosomeka kutoka kiti cha mheshimiwa wa safu ya mbele haijasomwa na mwenye shamba. (Na mkutano wa mwani ukiitishwa wakati maji ya bamvua yamekupwa, mwenye shamba hatakuwepo kabisa, atakuwa baharini anafunga mbegu kwenye kamba.)

Jambo la pili ni mwanga. Projekta kazi yake ni kutia mwanga. Haina uwezo wa kutia weusi. Weusi wote uonekanao ukutani si chochote ila ni ukuta wenyewe pale ambapo mwanga wa projekta haukufika. Kwa hiyo katika darasa lenye madirisha wazi, saa nne za asubuhi, ukuta tayari umekwisha kung'arishwa na jua la pwani, na ile slaidi ya buluu iliyokoza yenye herufi za manjano, ambayo ilipendeza sana ofisini mapazia yakiwa yamefungwa, hugeuka kuwa ukungu wa kijivu. Asiyekuwa na mapazia naatumie herufi nyeusi, nene, juu ya weupe mtupu. Na anayechora ramani ya maeneo yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa asitegemee rangi nyekundu na kijani peke yake, kwani wamo wanaume ambao macho yao hayazitofautishi rangi hizo tangu kuzaliwa kwao. Aongeze mistari au maneno.

Kuhusu ukubwa wa herufi, kipo kipimo kisichohitaji fedha wala fundi. Ichapishe slaidi yako kwenye karatasi moja ya kawaida ya A4, iweke sakafuni miguuni pako, usimame wima na uisome. Kutoka jichoni hadi sakafuni ni kiasi cha mita moja na nusu, nayo ni kama mara tano ya upana wa karatasi ile ikilazwa. Hivyo ndivyo atakavyoiona mtu aliyekaa mita kumi kutoka kwenye shuka yenye upana wa mita mbili. Ikiwa umelazimika kuinama, basi aliye nyuma hasomi, na slaidi hiyo haifai kuondoka ofisini. Mtendaji akifanya jaribio hili mara moja tu, atagundua mwenyewe kwamba jedwali lenye safu nane na mistari ishirini haliwezi kuwekwa ukutani. Mahali pake ni kwenye karatasi, mkononi mwa msomaji.

Ama juu ya lugha, tunaona haya hata kulisema. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu kwa Afrika ya Mashariki nzima. Leo, katika visiwa vilivyotoa lugha hiyo, mvuvi anaonyeshwa masharti ya leseni yake kwa Kiingereza, kisha anafasiriwa kwa mdomo, nusu nusu. Tunajua sababu yake. Slaidi nyingi hutengenezwa na mshauri mwelekezi kwa ajili ya mfadhili, na mtendaji wetu hukabidhiwa zikiwa tayari, pengine jioni ya kuamkia mkutano. Lakini sababu hiyo ni ya ofisi, wala si ya mwananchi. Mkataba wa mshauri unaweza kumtaka alete slaidi za Kiswahili, na anayeuandika mkataba huo ni serikali.

Tukija kwenye usemaji, iko tabia moja iliyoenea mpaka imeonekana kuwa ndiyo kanuni: kuandika ukutani kila neno litakalosemwa, kisha kulisoma. Mwenye macho haambiwi tazama, na anayejua kusoma hahitaji kusomewa. Richard Mayer, mtaalamu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelifanyia jambo hili majaribio mengi. Aliona kwamba watu hujifunza vizuri zaidi wanapotazama picha huku wakielezwa kwa sauti, kuliko wanapotazama picha, wakaelezwa kwa sauti, na maneno yale yale yakaandikwa tena mbele yao. Jicho haliwezi kuwa kwenye picha na kwenye maandishi kwa wakati mmoja. Kwa asiyejua kusoma hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu msomaji wa slaidi husoma kwa sauti ya kusoma, na sauti ya kusoma si sauti ya kuzungumza. Wazee wetu barazani huzungumza wakimtazama msikilizaji usoni. Akikunja uso, hurejea nyuma na kueleza tena. Aliyeelekea ukutani ataujuaje uso uliokunjwa?

Tarakimu nazo zinataka kutayarishwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar, na ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Ziandike tarakimu hizo ukutani na watu watazitazama kama wanavyotazama namba za gari linalopita. Lakini sema kwamba kijiji kilichokuwa na watu 20 mwaka 2012, kama kimekua kwa kiasi cha Zanzibar nzima, mwaka 2022 kilikuwa na watu 29, na kila mzee atageuka kumwangalia jirani yake, kisha ataanza kuuliza juu ya kisima, juu ya skuli, na juu ya viwanja vya wanawe.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya kule shehiani, na kwamba katika vikao vya wakubwa, ambako kila mmoja anajua kusoma na Kiingereza chake ni kizuri, slaidi hazina madhara. Kwa hao tuna mfano mmoja, nao unatoka katika nchi tajiri na miongoni mwa wahandisi hodari.

Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kilirushwa kikiwa na watu saba. Sekunde kama 82 baada ya kuruka, kipande cha povu gumu la kuzuia joto kilibanduka kwenye tangi la nje la mafuta na kulipiga bawa la kushoto. Chombo kikaendelea na safari, na huku chini wahandisi wakatakiwa wakisie kama bawa limeumia. Majibu yao waliyatoa kwa slaidi. Slaidi iliyokuja kuwa mashuhuri ilikuwa na kichwa cha maneno cha kutuliza nyoyo: kwamba takwimu za majaribio zinaonyesha makisio yao yameegemea upande wa tahadhari. Chini ya kichwa hicho yakafuata maelezo yaliyokatwa vipande vipande, kila kipande kikiwa kidogo na kimeingia ndani zaidi kuliko kilichotangulia. Na katika mstari wa chini kabisa ndimo lilimokuwemo jambo lenyewe, kwamba kipande kilichopiga bawa kilikisiwa kuwa na ujazo wa inchi 1,920, hali vipande vilivyotumiwa katika majaribio vilikuwa na ujazo wa inchi 3.

Tulifasiri hilo kwa lugha ya nyumbani. Majaribio yalifanywa kwa kitu chenye ukubwa wa vibiriti viwili. Kilichopiga bawa kilikuwa na ukubwa wa dumu moja na nusu la maji, yale madumu ya lita 20. Ni tofauti ya mara 640. Lau mtu mmoja angelisimama katika kikao kile akawaweka mezani vibiriti viwili, na dumu moja na nusu sakafuni, hatudhani kwamba kikao kingeendelea na ajenda iliyofuata.

Tarehe 1 Februari 2003, Columbia ilipokuwa inarudi, joto lilipenya katika tundu la bawa na chombo kikavunjika vipande juu ya Texas. Wote saba walifariki. Ripoti ya bodi ya uchunguzi, iliyotoka mwezi wa Agosti mwaka huo huo, ilieleza kwamba kilichoangusha chombo ni tundu lile. Hata hivyo bodi haikulinyamazia suala la slaidi. Ikitumia uchambuzi wa Edward Tufte wa Chuo Kikuu cha Yale, ilisema ni rahisi kufahamu namna mkubwa alivyoweza kuisoma slaidi ile asitambue kwamba inahusu uhai wa watu, na ikaitia dosari desturi ya kutumia slaidi mahali pa taarifa za kitaalamu zilizoandikwa kwa ukamilifu.

Kwa hivyo kichwa cha slaidi si pambo. Slaidi yenye kichwa "Hali ya Matumbawe" haijasema kitu. Inayosema "Matumbawe ya mkondo huu yamekufa nusu" imesema, na asiyekubali anaweza kusimama akabisha. Mtendaji asione haya kuandika habari mbaya kwa herufi kubwa, juu kabisa, mbele ya mkubwa wake. Na mkubwa asimkaripie aliyefanya hivyo.

Programu ya PowerPoint, ambayo ndiyo inayotumika zaidi, ilianza kuuzwa mwaka 1987 huko California, na ilikusudiwa watu wa makampuni wenye azma ya kuwashawishi wenzao waikubali hoja. Kushawishi si kosa. Lakini serikali inapokwenda kwa wananchi kuuliza, haifai ichukue chombo cha muuzaji na ikitumie kwa ada ya muuzaji. Hata miongoni mwa wafanyabiashara wenyewe wako waliochoka nacho. Jeff Bezos wa kampuni ya Amazon alikipiga marufuku mwaka 2004 katika vikao vya wakuu wake, akataka badala yake taarifa iliyoandikwa kwa sentensi kamili, isomwe kimya kimya kwanza, ndipo mazungumzo yaanze.

Sisi hatutaki marufuku. Tena hatuna haja ya kukumbushana kwamba umeme una siku zake: aliyekuwepo Unguja baina ya Desemba 2009 na Machi 2010, tulipokaa kiasi cha miezi mitatu gizani, anajua kwamba mtendaji asiyeweza kuieleza kazi yake bila ya projekta hajaijua kazi yake. Tunachowaomba wakuu wa idara na wakurugenzi ni chepesi. Slaidi zinazopelekwa shehiani zisizidi kumi, ziwe kwa Kiswahili, na zijaribiwe sakafuni kabla ya kupakiwa kwenye gari. Nusu ya muda wa mkutano iachiwe masuala, na masuala hayo yaandikwe katika faili pamoja na zile saini. Na kila mradi uwe na karatasi yake, kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, yenye ramani, gharama, tarehe, na jina la ofisi ya kulalamikia. Sheha aipate siku saba kabla ya mkutano, aibandike mlangoni mwa ofisi yake, na ibaki hapo baada ya gari la wizara kuondoka.