Stesheni ya Manyoni na Wajibu wa Kusimama



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya Manyoni, mji mdogo wa mkoa wa Singida ambao kwa sehemu kubwa ulikuzwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa kiasi kikubwa njia ya kale ya misafara ya wapagazi. Baada ya Bahi ililazimika kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Saranda, ndipo ikatokea Manyoni. Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani, pakaachwa kando, na Manyoni ndiyo iliyokuja kuwa makao ya wilaya. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka hapo kuelekea Kinyangiri. Likang'olewa katika miaka ya 1940, na miaka mingi baadaye reli ikajengwa tena hadi Singida.

Hivyo reli huinua mji mmoja na kuuacha mwingine. Lakini reli hiyo hiyo huikata barabara, na penye makutano hayo mmoja hana budi kumpisha mwenzake. Treni yenye mabehewa mazito haiwezi kusimama ghafla. Huhitaji mamia ya mita. Ndiyo maana sheria humtaka mwenye gari asimame.

Tarehe 29 Novemba 2023, katika makutano ya namna hiyo huko Manyoni, basi la abiria liligongana na kichwa cha treni. Watu 13 walipoteza maisha. Tunaendelea kuwaombea raha ya milele.

Baada ya misiba ya namna hii husikika maneno haya: "Ni mpango wa Mungu." Ndugu zangu, tunayakataa maneno hayo. Mungu wetu ni Mungu wa uzima. Tusimtwike mzigo wa uzembe wa wanadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2290, inafundisha kuwa wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wana hatia kubwa. Jambo hili limo ndani ya Amri ya Tano, na linastahili kufikishwa katika kiti cha kitubio.

Tena tusimnyoshee kidole dereva peke yake. Sisi abiria ndio tunaomsifu dereva anayewahi kufika na kumnung'unikia anayesimama. Mwenye basi naye hupanga ratiba isiyoacha nafasi ya kusimama. Nao wenye mamlaka wanapochelewa kuweka mageti, taa na kengele, au kuacha vichaka vizibe alama, wanashiriki lawama. Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake alijitia hajui, sisi tusimwige.

Wapo watakaosema kuwa reli ya kisasa itamaliza tatizo. Ni kweli kwamba treni ya umeme ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na kwamba reli hiyo huvuka barabara kwa madaraja na vivuko vya chini. Tunaishukuru hatua hiyo. Lakini reli ya zamani bado ingalipo, na maisha ya wanaoivuka leo hayawezi kungojea ujenzi wa kesho.

Basi tunashauri mambo mawili. Viongozi waweke ulinzi kwenye kila makutano yenye magari mengi, wakianzia pale damu ilipokwisha kumwagika. Na sisi sote, tukiwa safarini, tumwambie dereva bila woga: "Simama kwanza, utazame." Dakika mbili za kusimama ni sadaka ndogo ya upendo kwa jirani.

Mwenyezi Mungu awabariki na kuwalinda katika safari zenu zote. Amina.